Zima antivirasi kwanza

Shangazi hana kawaida ya kupiga simu usiku. Nilipoona jina lake kwenye kioo saa nne kasoro, nikajua kuna msiba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, uko salama?"

"Salama, shangazi. Kuna nini?"

"Nasoma barua yako hapa. Umeandika umekwama safarini, simu imeibwa, nikutumie hela kwa jina la mtu nisiyemjua. Tena umeniita 'mpendwa'. Tangu lini mimi nikawa mpendwa wako?"

Neno hilo moja ndilo lililomwokoa. Mtu alikuwa ameingia kwenye barua pepe yangu, akazoa anwani za wote niliowahi kuandikiana nao na kuwatungia kilio kimoja. Kila kitu alikipata isipokuwa namna mimi na shangazi tunavyoitana. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Wawili walituma, na hela zao nimezirudisha mwenyewe, kidogo kidogo, kwa aibu ambayo hata leo sijaizoea.

Nilibadilisha nywila usiku uleule. Asubuhi jamaa bado yumo ndani. Nikabadilisha tena, jioni akatuma barua nyingine. Kilichonichanganya ni kwamba nilikuwa nimewasha uthibitisho wa hatua mbili: ukiingia kwa kifaa kipya, lazima uandike tarakimu sita zinazotumwa kwenye simu. Simu yangu haikuwa imepokea tarakimu hata moja. Sasa huyu alipitia wapi?

Jibu nililipata siku ya tatu, na lilikuwa limekaa kwenye kompyuta yangu muda wote. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu na majarida. Programu ya picha niliyoizoea inalipiwa kila mwezi, nami nilikuwa silipi. Wiki tatu kabla ya simu ya shangazi, ile ya kuchakachua niliyokuwa nayo ilikataa kufunguka, nikapakua nyingine pamoja na kraki yake, yaani kiprogramu cha kuvunja kufuli la leseni. Ndani ya folda mlikuwa na faili la maandishi lenye maagizo manne, nayaweka hapa kwa Kiswahili: Zima antivirasi kwanza, usiogope, inapiga kelele za bure. Kata intaneti. Endesha kraki kwa mamlaka ya msimamizi. Furahia.

Nikatii yote manne, kwa mpangilio. Yaani mtu nisiyemjua ameniambia nimfunge mbwa, nifungue lango, nimkabidhi funguo za vyumba vyote, halafu nifurahi. Nikafurahi. Nakumbuka hata niliacha ujumbe wa kushukuru chini ya ukurasa nilikopakulia.

Virusi wa aina ile hawaharibu chochote, na ndiyo maana hukuti dalili. Kazi yao ni kuiba taarifa. Programu inajiendesha kimyakimya, inakusanya nywila ulizoruhusu kivinjari kizitunze, inabeba na vidakuzi, inausubiri mtandao urudi, inatuma mzigo. Vidakuzi ndivyo vilivyokuwa jibu la kitendawili changu. Ukishaingia kwenye akaunti, tovuti inakiachia kivinjari kitambulisho kidogo ili usiulizwe nywila kila ukigeuka. Ni kama muhuri unaopigwa mkononi mlangoni mwa tamasha: ukishaupata, unatoka na kurudi bila kuonyesha tiketi. Aliyenakili muhuri wako haulizwi nywila wala tarakimu sita, kwa sababu tovuti inaamini ni wewe uleule uliyeingia juzi. Tiba yake ni kutafuta kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote, ukakibonyeza, ndipo ubadilishe nywila, na ubadilishe ukiwa kwenye kompyuta nyingine iliyo safi. Mimi nilikuwa naandika nywila mpya kwenye mashine ileile yenye mdudu, na kwa kufanya hivyo nilikuwa namsomea mwizi kwa sauti.

Kuna jambo lililonichekesha baadaye, kicheko cha uchungu. Programu moja maarufu ya wizi wa namna hii, RedLine, iliyoanza kuonekana mwaka 2020, ilikuwa inauzwa kwa wahalifu kwa malipo ya kila mwezi. Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi na wenzao wa nchi nyingine walizinasa seva zake. Kwa hiyo biashara yenyewe ilikuwa hivi: mwizi analipia programu yake kila mwezi kama mteja mwaminifu, ili amwibie mtu kama mimi aliyegoma kulipia ya kwake.

Nikaifuta diski yote. Na hapo, nikiwa na kompyuta tupu mezani, ndipo nilipolazimika kuzitazama upya hoja nilizokuwa nikijipa miaka yote.

Nilikuwa nazo nyingi. Kampuni ni tajiri, haitanihisi. Nikipata kazi kubwa nitalipa. Na ile niliyoipenda zaidi: kunakili si kuiba, kwa maana ukiiba baiskeli mwenyewe anabaki bila baiskeli, lakini ukinakili programu mwenyewe bado anayo. Hii ya mwisho sijaitupa hadi leo. Kilichonibadilisha msimamo hakikuwa maadili, na wala sitajifanya kwamba kilikuwa hivyo. Kilichonibadilisha ni kugundua kwamba nilikuwa kibarua wa watu niliodhani nawakomoa.

Februari 1976, Bill Gates akiwa kijana wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta akiwalaumu kwa kunakili bila kulipa BASIC, programu ya kampuni yake ya kuandikia programu kwenye kompyuta ndogo ya Altair. Barua ile inanukuliwa sana. Kisichonukuliwa mara nyingi ni alichosema miaka 22 baadaye, mwaka 1998, alipozungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington: kwamba maadamu watu wataiba, basi afadhali waibe za kwetu, watanogewa, na huko mbele tutatafuta namna ya kuwadai. Nilipoyasoma hayo nilihisi kama mtu aliyekuwa akinitazama dirishani. Kila faili nililompelekea mteja lilimlazimisha naye awe na programu ileile. Nimewafundisha vijana wanne kazi hii, na wote wanne niliwafundishia programu hiyo, kwa nakala za kuchakachua nilizowapa kwa mkono wangu kwenye fleshi. Wawili sasa wameajiriwa, na waajiri wao wanailipia. Wakala gani wa mauzo anafanya kazi ya namna hiyo bila mshahara? Na aliyeumia kwa uharamia wangu hakuwa tajiri yule. Ni programu huria, ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, iliyokuwa ikipatikana kihalali muda wote huo, ambayo sikuigusa kwa kuwa "bure" nyingine ilikuwa karibu zaidi na mkono.

Hapa Kiswahili kinatubeba. Kiingereza kina neno moja tu, "free", kwa bure na kwa huru, na Richard Stallman, aliyetangaza Septemba 1983 mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo wa kompyuta ulio huru, ametumia miaka mingi kuwaeleza watu kwamba hazungumzii bei. Sisi tunayo maneno mawili tangu zamani. Nilichokuwa nacho kwenye diski kilikuwa bure na hakikuwa huru hata chembe.

Rafiki mmoja alinichomea kwenye fleshi Linux Mint, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Uzuri wake ni kwamba unawasha kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo na kuujaribu mfumo mzima bila kugusa diski. Skrini ikawaka, panya ikafanya kazi, sauti ikatoka. Wi-Fi ikagoma. Jumamosi nzima ilinipotea nikitafuta sababu, na huwezi kutafuta sababu ya kukosa intaneti kama huna intaneti. Jioni ndipo nilipokumbuka kuichomeka simu kwa waya na kutumia data yake; mfumo ukaitambua papo hapo, ukapakua draiva iliyokosekana, kiprogramu cha kuuendesha mtambo wa Wi-Fi, Wi-Fi ikashika. Anayekuambia kuhamia Linux ni kama kubadili shati, huyo amesahau siku yake ya kwanza.

Kazi iliyofuata nusura inirudishe nilikotoka. Mteja alinitumia muswada wake wa kurasa 96, nikaufungua kwenye LibreOffice, programu huria ya kuandikia inayoshika nafasi ya Word, nikakuta kurasa 103. Vichwa vya sura vilikuwa vimeshuka, namba za yaliyomo hazilingani na kitu. Nikaanza kutukana programu huria zote duniani. Halafu nikatulia, nikatazama jina la fonti. Mteja alitumia Calibri kwa vichwa na Cambria kwa maandishi, fonti za Microsoft ambazo haziji na Linux kwa sababu ya leseni. LibreOffice ilikuwa imeweka fonti nyingine yenye herufi pana kidogo. Upana wa unywele kwa kila herufi, ukizidisha kwa herufi laki moja na ushee, unazaa kurasa saba. Zipo fonti huria mbili zilizochorwa kwa vipimo vilevile, Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria, herufi kwa herufi. Nilipozisakinisha na kufungua faili upya, kurasa zikarudi 96. Jedwali la ukurasa wa 41 liliendelea kutokeza nje ya pambizo, nikalivuta kwa mkono.

Simaanishi kila kitu kina pacha wake. GIMP inafanya kazi yangu nyingi ya picha, lakini haina hali kamili ya CMYK, rangi nne za mashine ya uchapaji, kwa hiyo napanga kurasa kwenye Scribus na kugeuzia rangi huko. Ni hatua ya ziada kila mara, na kila mara inanikera. VLC, ya kutazamia video, nilikuwa naitumia miaka yote bila kujua kwamba nayo ni huria. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale huko Paris.

Tabia moja ya leseni hizi imenivutia kuliko hata kutolipa. Kampuni ya Oracle ilipoinunua kampuni ya Sun mwaka 2010, ikaipata OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, ndani ya ununuzi huo. Waandishi wengi wa programu hiyo hawakupendezwa na mwelekeo wa bwana mpya, wakaondoka na msimbo mzima mwaka huohuo, wakaubatiza LibreOffice. Hakuna aliyewashtaki, kwani leseni iliwaruhusu. Mwishoni mwa 2023 yakatokea ya namna hiyo kwenye simu: Simple Mobile Tools, mkusanyiko wa programu ndogondogo za Android kama galari na kalenda, uliuzwa kwa kampuni nyingine, watumiaji wakahofia matangazo, na mmoja wa wachangiaji akaendeleza msimbo uleule kwa jina la Fossify. Nilihama nao kwa mchana mmoja. Programu ya kufungwa ikiuzwa, wewe na picha zako mnauzwa nayo.

Na bado, kuwa wazi kwa msimbo si ushahidi kwamba kuna mtu anausoma. Aprili 2014 ilifichuka hitilafu iliyopewa jina la Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Ilikuwa imekaa humo miaka miwili. Machi 2024 nusura yatokee makubwa zaidi: mtu anayejiita Jia Tan alijipenyeza kwenye mradi mdogo wa kubana mafaili uitwao xz, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, kisha akapachika mlango wa siri. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, na alianza kuchunguza kwa sababu kuingia kwenye seva kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde! Mradi huo, unaotumika kwenye seva zisizohesabika, ulikuwa ukitunzwa zaidi na mtu mmoja wa kujitolea, ambaye alikuwa amechoka na ameshasema hivyo hadharani. Habari hiyo ilinigusa kuliko nilivyotarajia, maana nami nilikuwa nimehama kutoka kutolipa kule na kuja kutolipa huku.

Siwezi kuandika msimbo. Kiswahili ninakiweza. Programu moja ndogo ya kusikilizia podikasti ilikuwa na tafsiri ya Kiswahili ambamo kitufe cha kuhifadhi kiliandikwa "Okoa", kana kwamba faili linazama ziwani. Nikajisajili, nikaandika "Hifadhi", nikarekebisha na mistari mingine kama arobaini. Baada ya siku tatu anayeutunza mradi alijibu neno moja la shukrani, na toleo lililofuata likatoka na maneno yangu. Miaka yote niliyotumia programu za kuchakachua sikuwahi kubadilisha hata nukta ndani yake. Siku hizi pia natuma mchango wa fedha mara moja kwa mwaka kwa miradi miwili ninayoitegemea. Si mkubwa, ila naulipa kabla sijakumbushwa.

Kuhusu faragha, zamani nilikuwa mtu wa "sina cha kuficha". Kauli hiyo ilikufa usiku wa simu ya shangazi, kwa sababu kilichoibwa hakikuwa siri yangu. Zilikuwa anwani za watu, barua zao, picha ya hati ya mteja mmoja, ugonjwa wa mwingine. Wote hao waliniamini mimi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuendesha kraki. Nywila zangu sasa zinakaa kwenye KeePassXC, programu inayozifungia ndani ya faili moja lililosimbwa ambalo ninalibeba mwenyewe, na kivinjari nimekikataza kutunza yoyote.

VPN ya bure, programu inayopitishia mawasiliano yako yote kwenye seva za mwenye nayo, niliifuta siku hiyohiyo. Niliiweka ili mtoa huduma wangu wa intaneti asione ninavyopakua filamu, bila kujiuliza kwamba sasa nimemwonyesha kila kitu mwenye VPN, ambaye simjui hata kwa jina. Si hofu za kufikirika: Facebook iliinunua Onavo mwaka 2013, VPN ya bure iliyojinadi kuwa inakulinda, kumbe ilikuwa ikiitumia kutazama watu wanatumia programu gani za washindani. Agosti 2018 ikaondolewa kwenye duka la Apple. Hata tochi zimo kwenye biashara hii. Desemba 2013 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana kampuni iliyotengeneza programu ya tochi ya Android iliyopakuliwa mara mamilioni, kwa kupeleka mahali alipo mtumiaji kwa wenye matangazo. Nikapitia simu yangu nikiuliza swali moja tu kwa kila programu: wewe na kazi yako, unataka nini na orodha ya majina yangu? Kikokotoo hakikuwa na jibu.

Lakini mkiniuliza kama nimekuwa mtakatifu, hapana. Nikinunua kitu nataka kiwe changu, na wauzaji wengi hawataki hivyo. Mwaka 2005 Sony BMG iliweka kwenye CD za muziki programu iliyojificha ndani ya kompyuta za wateja ili wasinakili, ikawaachia upenyo ambao virusi waliutumia. Walioumia ni walionunua, walionakili hawakuguswa. Mwaka 2009 Amazon ilivifuta vitabu viwili vya George Orwell ndani ya Kindle, vifaa vyake vya kusomea vitabu, za watu waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Walirudishiwa hela, sawa. Lakini hebu mwenye duka aje kwako usiku achukue kitabu mezani na kukuachia chenji. Michezo ya zamani ya kompyuta nayo ina shida yake: utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena na mwenye haki. Nakala ya mchezo wa utotoni ninayo, hakuna aliyekuwa tayari kuniuzia, na sijisikii mwizi. Sheria haikubaliani nami, najua. Ila hata huo sikuuendesha kwa mamlaka ya msimamizi, wala antivirasi sikuizima.

Mwezi uliopita binamu yangu mdogo alikuja na fleshi.

"Kaka, una ile programu ya picha? Wenzangu wote wanayo."

"Sina. Ninayo nyingine, kaa nikuonyeshe."

"Sasa kazi zako za zamani unafungulia nini?"

Nikamwonyesha folda. Kabla ya kufuta diski nilinusuru kazi zangu za miaka sita. Picha GIMP inazifungua, ingawa maandishi yaliyokuwa juu yake yamegeuka picha na hayahaririki tena. Vitabu vyenyewe, mafaili 31 ya kurasa nilizozipanga kwa programu iliyonifunga, yapo katika umbo ambalo Scribus haiwezi kulisoma. Nilipaswa kuyatoa kwa umbo jingine wakati programu ingali inafunguka, na sikufanya hivyo. Binamu akabofya la kwanza. Ikatokea dirisha dogo linaloomba alifungulie kwa programu gani, akaiteremsha orodha hadi chini, akaipandisha, akanitazama.

"Si ulikipanga wewe hiki kitabu?"

"Nilikipanga mimi."